Dawa imetoka dirishani, tatizo limerudi: kutafuta chanzo cha makosa ya utoaji dawa

Kosa la dawa halijitangazi pale linapofanyika. Hurudi baadaye kwa sura nyingine: mama amekuja na chupa mkononi akisema homa ya mtoto haishuki, mzee analalamika kizunguzungu tangu jana, au hesabu ya jioni haikubaliani na tembe zilizobaki kwenye kopo. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Anza na kile unachokiona, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi ufike kilipoanzia.

Nawaandikia wenzangu wanaotoa dawa Mombasa, kuanzia maduka ya Mwembe Tayari na Kongowea hadi madirisha ya zahanati za Likoni, Kisauni na Changamwe. Kwetu joto, foleni na namna watu wanavyohesabu saa vina mchango wao katika makosa, na miongozo mingi iliyoandikwa kwingine haivigusi.

Ombi langu ni moja kabla hatujaanza. Kosa likionekana, swali la kwanza lisiwe "nani alitoa?" Liwe "ilitokaje?" Ukimpata wa kulaumiwa, utamgombeza na kesho mwingine atateleza palepale. Ukikipata chanzo, utakiondoa. Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake ya Dawa Bila Madhara mwaka 2017, likilenga kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayoweza kuzuilika, msisitizo ulikuwa kwenye mpangilio wa kazi. Mimi naamini hivyo hivyo kwa kaunta ndogo yenye watu wawili.

Mgonjwa amepewa dawa isiyo yake

Pengine umegundua mwenyewe. Pengine amerudi kuuliza, "Daktari, mbona hizi si kama za mwezi uliopita?" (Wateja hutuita daktari hata tukikanusha.) Swali hilo lina thamani kubwa. Usilijibu kwa "ni kampuni nyingine tu, bibi" kabla hujaichukua pakiti, ukaisoma na kuilinganisha na karatasi aliyoandikiwa. Mara nyingi ni kampuni nyingine kweli. Lakini mtu anayemeza dawa ya presha miaka nenda miaka rudi anaijua tembe yake kwa rangi na umbo, na akisita ana sababu.

Kama kosa lipo, shughulikia mgonjwa kwanza, daftari baadaye. Aache kumeza. Muulize amemeza ngapi na lini mara ya mwisho. Mpigie simu aliyeandika. Ikiwa dawa aliyoimeza kimakosa ni ya sukari, ya moyo, ya kifafa au ya kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali bila kungoja dalili zijitokeze, na aende na pakiti yenyewe. Mweleze ukweli kwa maneno mepesi. Mgonjwa aliyefichwa hawezi kumwambia daktari wa zamu alichomeza. Ikiwa ameshaondoka, utamfuata vipi? Duka ambalo haliandiki nambari ya simu kwenye nakala ya cheti cha dawa halina namna ya kumfikia mtu wake. Hilo lirekebishwe leo.

Sasa chanzo. Mara nyingi ni majina yanayokaribiana. Metformini ya sukari na metronidazoli ya maambukizi huanza sawa, aghalabu zote ni tembe nyeupe, na rafu ikipangwa kwa alfabeti huketi bega kwa bega. Vivyo hivyo amlodipini na amitriptilini, karbamazepini ya kifafa na karbimazoli ya tezi ya shingo. Jozi inayonitia hofu zaidi ni prednisoloni na propranololi: mgonjwa wa pumu aliyeandikiwa ya kwanza akapewa ya pili anaweza kubanwa kifua zaidi ya alivyokuja. Zitenganishe kwenye rafu hata kama alfabeti itavurugika. Kwenye lebo ya rafu, andika kwa herufi kubwa sehemu inayotofautisha, kama metFORMINI na metroNIDAZOLI, ili jicho likwame hapo. Kisha jizoeze kusoma mara tatu: unapoitoa dawa rafuni, unapoihesabu, na unapoikabidhi. Kusoma maana yake ni jina na nguvu yake, kwa sauti ya kusikika na wewe mwenyewe. Kutambua boksi kwa rangi si kusoma. Kampuni moja hutengeneza dawa kumi kwa boksi la sura ile ile, na ya miligramu 5 hutofautiana na ya miligramu 10 kwa tarakimu moja tu pembeni.

Chanzo cha pili ni majina ya wagonjwa. Mombasa ukiita "Fatma Ali" mbele ya foleni, wanaweza kuinuka wawili, na wa tatu akawa yuko nje anaongea na simu. Jina la baba halitoshi. Uliza jina la babu, umri na anakoishi, na umwache aseme mwenyewe. Ukimuuliza "Wewe ndiye Fatma Ali wa Majengo?" mtu mwenye homa au asiyesikia vizuri ataitikia ndiyo. Muulize "Jina lako kamili, mama?" na usubiri jibu.

Chanzo cha tatu ni mwandiko. Hapa sina maneno mengi: usikisie. Mpigie aliyeandika, hata kama ni daktari mkubwa anayejulikana kwa ukali. Jihadhari na nukta. 5.0 ikififia husomwa 50, na .5 husomwa 5. Herufi U iliyoandikwa baada ya idadi ya insulini hugeuka sifuri, na yuniti 4 zikawa 40. Na ukiona methotreksati imeandikwa kila siku kwa mgonjwa wa viungo, simama hapo hapo, kwa sababu kwa ugonjwa huo humezwa mara moja kwa wiki na kumeza kila siku kumewaua watu. Kwenye lebo yake taja siku kwa jina: "Kila Jumatatu tu."

Chanzo cha nne, ambacho wengi hatukihesabu, ni kukatizwa. Unahesabu tembe, simu inalia, mteja anauliza kama pesa ya M-Pesa imeingia, mwenzako anataka chenji. Ukirudi, mkono unaendelea ulipodhani umeachia. Wekeni sharti: aliye kwenye sinia ya kuhesabia haulizwi kitu. Akikatizwa, anamwaga na kuanza upya. Malipo yashikwe na mtu mwingine, au kama uko peke yako, maliza malipo kabla hujaigusa dawa. Na sinia hiyo ioshwe baada ya kuhesabia penisilini. Unga unaobaki unaweza kumdhuru asiyepatana nayo ambaye hakuandikiwa hata tembe moja.

Dawa ni sahihi, mgonjwa hapati nafuu

Hapa ndipo kazi yetu inapopimwa, na ndipo ninapotaka tukae zaidi. Dawa imetoka sawa, nguvu sawa, idadi sawa. Siku tatu baadaye mgonjwa yuko vilevile, na daktari anaanza kufikiria kumbadilishia dawa. Kabla haijafika huko, muulize: "Hebu nieleze ulivyokuwa ukimeza, tangu siku ya kwanza." Usimkatize. Chanzo hutoka chenyewe.

Tazama kwanza bahasha uliyoandika wewe. "1x3" kwako ni tembe moja mara tatu kwa siku. Kwa aliyeipokea inaweza kuwa tembe tatu kwa mpigo. "2x1" ni mbaya zaidi, kila mtu huisoma anavyojua. Andika sentensi: "Meza tembe moja asubuhi, moja mchana, moja usiku." Inachukua sekunde kumi zaidi. Kwa asiyesoma, chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila moja chora idadi ya tembe.

Kisha saa. Kijana aliyezoea kusoma saa kwenye kompyuta akimwambia bibi wa Mji wa Kale "meza saa nane", akiwa na maana ya 8:00, bibi atameza baada ya Adhuhuri. Mashine ikichapa 8:00 na 20:00 kwenye lebo, hakikisha umemwambia kwa mdomo "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku". Mimi napendelea kufunga dawa kwenye jambo ambalo mtu halikosi. Kwa wengi wa hapa ni swala: baada ya Alfajiri, baada ya Isha. Kwa wengine ni chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Muulize ratiba yake. Mlinzi anayekesha na mvuvi anayetoka na maji hawana asubuhi ya aina moja.

Dawa ya malaria ya mseto, AL (artemetha na lumefantrini), ina mtego wake. Humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, lakini dozi ya pili ni baada ya kupita muda wa saa nane tangu ya kwanza. Mgonjwa aliyemeza dirishani saa kumi jioni anapaswa kuamka saa sita usiku ameze ya pili. Kuanzia kesho yake ndipo inakuwa asubuhi na jioni. Mtoa dawa akisema "mara mbili kwa siku" tu, dozi hiyo ya usiku hupotea. Pia AL huingia mwilini vizuri ikiandamana na mafuta. Aliyemeza kwa maji matupu kwa sababu hana hamu ya kula amepata sehemu tu ya dawa yake. Mwambie anywe na maziwa, au mbaazi za nazi na hamri, hata vijiko vichache. Ushauri huo hueleweka mara moja, kwani ndicho kiamshakinywa chake.

Vyakula vingine hufanya kinyume. Siprofloksasini na doksisaiklini hazipatani na maziwa, na tembe za kuongeza damu hazipatani na chai. Kwa mji unaokunywa chai ya maziwa asubuhi na alasiri, onyo hilo linastahili kusemwa kila mara, na saa mbili za kutenganisha zitajwe. Doksisaiklini imezwe kwa gilasi nzima ya maji, mtu akiwa amekaa, na asilale papo hapo. Ikikwama kooni huchoma.

Chunguza pia ni nani aliyepokea maelezo. Mara ngapi dawa ya mama mzazi huchukuliwa na mtoto wa darasa la tano, au na dereva wa bodaboda aliyetumwa? Umemweleza vizuri sana mtu asiyeumwa. Maelezo yakifika nyumbani yamebaki "amesema umeze". Aliyetumwa akija, mpigie mgonjwa pale pale, zungumza naye mwenyewe, na mambo yote yaandikwe. Huo ndio wakati pekee ambapo simu kwenye kaunta ina faida kuliko hasara.

Halafu kuna haya. Tembe za kuingizwa ukeni zimewahi kumezwa, na dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa pia, kwa sababu mtoa dawa aliona aibu kutamka na mgonjwa akaona aibu kuuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hatuwezi kumtaka mtu ayatoe maradhi yake mbele ya majirani waliopanga foleni nyuma yake. Mtafutie pembe. Pazia na viti viwili vinatosha. Kama mteja ni mwanamke na yupo mwenzako wa kike, mwache yeye aeleze. Na tamka mahali dawa inapoingia kwa maneno ya adabu lakini yasiyo na utata.

Baada ya kueleza, usimuulize "Umeelewa?" Hakuna anayejibu hapana. Sema hivi: "Mama, nimesema mengi leo. Hebu niambie utakavyompa mtoto ukifika nyumbani, nijue kama nimeeleza vizuri." Mzigo unakuwa wako na heshima yake inabaki. Akikosea, hukumkosoa yeye. Unarudia maelezo yako. Katika tabia zote zilizomo humu, kama una nafasi ya kuanza na moja tu, anza na hii. Hunasa kosa la saa, la idadi, la jina na la mahali pa kuingiza, kabla mtu hajavuka mlango.

Mtoto amezidishiwa au amepunjwa

Dalili ni mtoto anayelala kupita kiasi, anayetapika, au ambaye homa haisikii dawa. Karibu kila mara tafuta kwenye vitu vitatu: uzito, kipimo na maji.

Uzito kwanza. Umri hudanganya, mtoto wa miaka miwili anaweza kuwa na kilo 9 au 14. Weka mizani dukani. AL hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 ni tembe moja kila dozi, 15 hadi chini ya 25 ni mbili, 25 hadi chini ya 35 ni tatu, na 35 kwenda juu ni nne. Bandika jedwali hilo ukutani mbele ya macho yako, lisikae ndani ya droo.

Kipimo ndipo penye hatari. Parasetamoli ya maji ya watoto ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Lakini yapo matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika mililita moja, na pia chupa za watoto wakubwa zenye 250 katika mililita 5. Mama aliyezoea kumpa mtoto wa kilo 10 kijiko kimoja, akiuziwa matone na kuambiwa "mpe kama kawaida", atampa miligramu 500. Dozi ya mtoto huyo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani 100 hadi 150. Kwa hivyo usiseme kamwe "kijiko". Vijiko vya nyumbani havilingani, na cha chai cha nyumba moja si cha nyumba nyingine. Mpe bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe cha kupimia, weka alama kwa kalamu pale dawa inapofika, na umwonyeshe kwa maji.

Maji yenyewe yana habari yake hapa Mombasa. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi na kununua ya kunywa kwa mitungi. Mama akiambiwa tu "tumia maji yaliyochemshwa", anaweza kuchemsha ya kisima. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Kwa ORS, unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayeharisha, hilo ni jambo zito, kwa sababu mtoto anayeharisha ataongezewa chumvi juu ya ile iliyopimwa kwenye pakiti. Mwambie waziwazi: maji ya kunywa, yasiyo ya chumvi, yachemshwe yapoe. Angalia pia pakiti ni ya lita moja au ya nusu lita, na umwonyeshe kwa chupa ya soda ya ukubwa huo. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Na ORS isitoke bila zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita.

Antibaiotiki ya unga ichanganyie mwenyewe dirishani kama mtoto anaanza leo. Gonga chupa unga uachane, tia maji nusu, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye alama baada ya povu kutulia. Anayejaza mara moja hufika kwenye alama huku chini kungali na bonge la unga, halafu mtoto anapata maji matupu siku za mwanzo na dawa kali mwishoni. Andika tarehe ya kuchanganywa na ya kumwagwa. Amoksilini yenye klavulaneti huhitaji friji na haizidi siku saba. Muulize kama nyumbani kuna friji, na kama hakuna, ongea na aliyeandika juu ya dawa nyingine, kwa mfano tembe za kuyeyusha kwenye maji ikiwa ugonjwa unaruhusu.

Dawa zimebadilika rangi, zimelainika au zinanuka

Kapsuli zinagandana. Aspirini inanuka siki. Tembe za amoksilini na klavulaneti zimekuwa na madoa ya manjano. Dawa za kuingiza zimeyeyuka zikaganda tena zikiwa zimepinda. Hali hiyo isikuletee swali la kama bado inafaa. Ondoa kwenye rafu, weka pembeni na lebo "isitolewe", kisha tafuta chanzo.

Kuanzia Januari hadi Machi, msimu wa kaskazi, mchana wa Mombasa hupita nyuzi 30. Boksi nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya 30, na nyingine chini ya 25. Kipimajoto cha ukutani ni cha bei ndogo, lakini kisomwe mara mbili kwa siku na kuandikwa, na mara moja isomwe alasiri wakati jua limepiga. Rafu inayopigwa na jua la jioni haifai kuwekwa dawa, hata kama ndiyo inayoonekana vizuri kutoka barabarani. Mvua za masika zinapoanza, adui ni unyevu. Usimwage tembe za kopo la elfu moja kwenye mtungi wa kioo unaofunguliwa kutwa, usitupe kifuko cha kukausha kilichomo ndani ya kopo, na usitoe tembe kwenye karatasi yake ya foili kabla ya wakati. Kukata stripu kwa mkasi kuna kosa jingine: kipande kinachobaki aghalabu hupoteza tarehe ya mwisho na nambari ya toleo. Kata upande usio na maandishi, na kipande chenye tarehe kitoke mwisho.

Friji ni ya dawa tu, kati ya nyuzi 2 na 8. Soda na chakula cha mchana vina mahali pengine. Insulini isikae mlangoni wala isigusane na sehemu ya kugandisha, kwani ikiganda hata mara moja imeharibika, ingawa ikiyeyuka huonekana kama kawaida. Stima ikipotea, usifungue mlango. Chupa za maji baridi zilizopangwa chini zitakupa muda. Mgonjwa wa insulini mweleze kwamba aliyoifungua hukaa nje hadi siku 28 kwa aina nyingi, mradi joto lisizidi kile karatasi yake inachoruhusu. Nyumba ya mabati isiyo na friji huvuka kiwango hicho. Mtungi wa udongo wenye maji husaidia, ingawa hewa nzito ya pwani hupunguza nguvu yake. Uwekwe kivulini penye upepo, na insulini ifungwe isilowe.

Hesabu ya stoo haikubaliani na kadi

Usikimbilie wizi. Vyanzo vya kawaida ni vitatu. Mmoja ameandika boksi, mwingine stripu, mwingine tembe. Au dawa imeazimwa na duka jirani kwa haraka na hakuna aliyeandika, kwa kuwa "watarudisha kesho". Au iliyokwisha muda imetolewa rafuni bila kuondolewa kwenye kadi. Andika kwa kipimo kimoja, fungua daftari la kuazimana, na upange rafu ili inayoisha muda mapema ndiyo iwe mbele. Kwa morfini na pethidini, dawa kali za maumivu, hakuna kuandika baadaye: kila ampuli iandikwe papo hapo, na kufuli zikae zimefungwa.

Mteja anadai antibaiotiki bila cheti

Anajua jina, anajua rangi, na anasema duka la pili watampa. Pengine watampa kweli. Chini ya sheria ya dawa na sumu, Sura ya 244, hizi ni dawa za kutolewa kwa cheti, na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyoning'inia nyuma yako ni ahadi kwake pia. Lakini kumsomea sheria humfukuza. Muulize anaumwa nini na tangu lini. Mara nyingi ni mafua, na una cha kumpa: dawa ya homa, ushauri wa maji ya kutosha, na siku ya kurudi asipopoa. Mwambie dalili za kwenda hospitali bila kuchelewa, kama kupumua kwa shida, homa isiyoshuka au damu kwenye choo. Akiomba kapsuli nne tu kwa sababu ya pesa ilhali ana cheti cha siku saba, zungumza na aliyeandika juu ya dawa ya bei nafuu zaidi. Nusu dozi humwacha mgonjwa na wadudu waliozoea dawa.

Mgonjwa wa daima amezidiwa mwezi wa Ramadhani

Hili huja kila mwaka na bado hutukuta hatujajiandaa. Mwenye sukari anatetemeka na kutoka jasho saa tisa mchana; mwenye presha amerundika dawa zote futari; aliyeandikiwa mara tatu kwa siku amemeza zote kati ya Magharibi na daku. Wote walijipangia wenyewe kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Waulize tangu mwezi wa Rajabu au Shaabani, wanapokuja kuchukua dawa zao: "Mzee wangu, unakusudia kufunga? Umeongea na daktari wako?" Anayetumia insulini au glibenklamidi asisubiri mwezi uandame, kwa sababu dozi hubadilishwa na daktari, si na sisi wala na yeye. Mweleze kwamba kupima sukari kwa kutoboa kidole si kula wala kunywa, na sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue hapo hapo. Kama ana wasiwasi wa kidini, aulize sheikh wake akiwa na maelezo ya daktari mkononi. Dawa za mara tatu kwa siku mara nyingi zina ndugu yake wa mara moja au mbili, na simu moja kwa aliyeandika inaweza kumaliza jambo.

Umekagua yote, na bado kuna kitu hakiko sawa

Mgonjwa alimeza ipasavyo, dawa ilihifadhiwa vizuri, na hata hivyo ametoka vipele mwili mzima. Au wagonjwa watatu wa toleo moja wamesema haisaidii. Hapo tatizo limepita kaunta yako. Madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa hujazwa kwenye fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa inayoshukiwa kuwa duni au bandia hujazwa kwenye fomu ya waridi. Huhitaji uthibitisho ili kuripoti, shaka inatosha. Hifadhi tembe zilizobaki pamoja na pakiti yake, andika nambari ya toleo, tarehe ya mwisho na ulikonunua, usimamishe kuuza toleo hilo, na umwarifu aliyekuuzia siku hiyo hiyo.

Kando ya fomu hizo weka daftari la kawaida la makosa yaliyotokea na yaliyoponea chupuchupu. Usiandike jina la mfanyakazi. Andika dawa, saa, kilichokuwa kikiendelea dukani na kilichonasa kosa. Lisomwe pamoja kila mwisho wa mwezi, pamoja na mwenye duka. Mkiona jozi ile ile ya dawa imejitokeza mara mbili, hamisheni rafu kabla ya kufunga siku hiyo.